Wenye Mbuzi Kwanza

Kabla ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi, Muuguzi alimuuliza kama amekuja na mbuzi. Alifanya hivyo kila Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amesimama mlangoni mwa zahanati na taa ya chemli mkononi. Aliyejibu ndiyo alisogezwa mbele ya foleni. Aliyejibu hapana alibaki alipokuwa. Nililishuhudia jambo hilo kwa majuma saba mfululizo, nikaliandika katika sentensi moja fupi ambayo haikuwa na neno la uongo, na sentensi hiyo ndiyo iliyomng'oa pale. Bado imo ndani ya faili katika ofisi fulani mjini Lodwar. Kurasa hizi ni jitihada yangu ya kuweka kando yake mambo ambayo sikuyaandika.

Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na paa la bati, kando ya barabara itokayo Lodwar kwenda Kakuma, mahali ambapo barabara hiyo inakata mto usio na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Siku sita za juma palikuwa na maduka matatu, kituo kidogo cha polisi na upepo. Siku ya Jumanne palikuwa na soko la mbuzi. Tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe Kakuma mwanzoni mwa miaka ya tisini, haja ya nyama ilikuwa imeongezeka, na malori ya wanunuzi yalifika pale kutoka pande zote mbili. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili kutoka Nairobi. Wenyeji walisema nimetoka "Kenya", kana kwamba wao walikuwa nchi nyingine, na kadiri nilivyolifikiria jambo hilo ndivyo nilivyoona kwamba hawakukosea. Nilikuwa nikichunguza bei za mbuzi katika masoko matatu. Ofisi moja ya maendeleo mjini Lodwar ilinigharimia safari, nami nikaahidi kuiandikia ripoti kuhusu huduma zilizoyazunguka masoko hayo, zahanati ikiwemo.

Swali langu la kitaaluma lilikuwa moja: kwa nini mbuzi wa soko lile, ambao hawakuwa wanene kuliko wa masoko mengine, waliuzwa kwa bei nzuri kuliko wote? Nilipima umbali wa njia. Nilipima kina cha visima vilivyochimbwa mchangani. Niliorodhesha malori na saa zake za kufika. Jibu lilikuwa likinimiminia chai kila asubuhi.

Alikuwa mwanamke mnene wa mabega, mwembamba wa miguu, Mturkana aliyesomea uuguzi kusini akarudi. Karibu watu wote walimwita Sista; wazee wachache walimwita Daktari, naye hakuwasahihisha. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko chumba. Alitafuna tumbaku tangu asubuhi hadi jioni na hakumgawia mtu hata chembe. Aliyemwomba alijibiwa, "Dawa za serikali nitakupa zote. Hii ni yangu." Hata hivyo, nilimwona zaidi ya mara moja akivua kanga yake mabegani akamfunika nayo mwanamke aliyetoka kujifungua, kisha akashinda kutwa nzima bila kanga, akilalamika kwamba watu wa siku hizi hawarudishi nguo.

Alikuwa na tabia zilizopingana, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuorodhesha, niliziorodhesha. Aliwahubiria akina mama wasiwaache mbwa wawalambe watoto, kwa sababu katika nchi ile mbwa huleta uvimbe mkubwa tumboni ambao hukua polepole kwa miaka. Alieleza kwa mikono, akichora tumbo hewani mpaka watoto wakaogopa. Wakati huohuo mbwa wake mwenyewe, wa rangi ya mchanga, alilala kizingitini mwa zahanati na kila mgonjwa alilazimika kumruka.

"Sista, na hii?" akamuuliza mama mmoja, akimwonyesha mbwa kwa kidevu.

"Huyu anakunywa dawa ya minyoo kila mwezi. Wewe uliinywa lini?"

Vivyo hivyo aliwakaripia waliochelewa kuleta ugonjwa, ilhali yeye alikuwa na jino lililooza ambalo lilimvimbisha shavu kila baada ya wiki mbili. Nilipomshauri aende Lodwar akang'olewe, alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Niende kwa daktari?" akasema. "Nawajua. Mimi mwenyewe ni mmoja wao."

Saa za alfajiri, kabla lori la kwanza halijafika, ndizo zilizokuwa saa zake. Watu walikuwa wametembea sehemu ya usiku na mifugo yao, wakawafunga mbuzi kwenye vichaka vya mathenge na kuketi ukutani mwa zahanati. Wanaume walikalia ekicholong, vile viti vidogo vya mbao ambavyo Mturkana hutembea navyo mkononi na usiku huvifanya mto. Muuguzi alipita mbele yao na taa, uso baada ya uso.

"Umekuja na mbuzi?"

"Nakuja na mbuzi tatu, Sista," alijibu baba mmoja kijana ambaye mwanawe alikuwa mgongoni mwa nyanya yake.

"Wako wapi?"

"Ile pale, kwa mathenge."

"Na huyu ameanza lini kuchemka?"

"Juzi. Jana nalia sana. Leo nanyamaza."

"Kunyamaza ndiko kubaya. Ingieni. Na wewe mzee, usinitolee macho. Magoti yako yanauma tangu gari la kwanza lipite hapa. Yatangoja."

"Sista, mimi naleta punda," mzee akasema. "Punda si mbuzi mkubwa?"

"Punda utamuuzia nani?"

"Sitauza. Nitakula."

"Basi kamle kwanza, upate nguvu ya kungoja."

Ukuta mzima ulicheka, na mzee akacheka kuliko wote. Sipendi kulikumbuka tukio hili, si kwa sababu ya kicheko chenyewe, bali kwa sababu ya daftari lililokuwa magotini pangu. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi lake, nimekunywa chai yake, na niliandika: mgonjwa mzee asiye na mbuzi ameahirishwa, mgonjwa mwenye mbuzi watatu ametangulizwa. Nilipiga mstari chini ya "watatu".

Ni wajibu wangu kueleza pia yale niliyoyaona nikayapuuza. Mgonjwa aliyekuwa mahututi hakuulizwa swali lolote, alibebwa ndani. Wasiokuwa na mbuzi hawakurudishwa. Baada ya malori kuondoka, yeye aliwahudumia hadi jua lilipoinama, tena bila haraka, akikaa na kila mmoja kwa muda ambao wenye mbuzi hawakuupata. Mzee wa punda alikandwa magoti yake kwa mafuta ya moto siku ileile saa tisa mchana. Mambo hayo yote yamo katika daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, katika kurasa ambazo sikuzitumia, kwa kuwa ripoti ilihitaji kuwa fupi.

Mmoja wa wagonjwa wa mchana alikuwa msusi wa vikapu. Alikuwa na trakoma, ule ugonjwa wa macho ambao hatimaye huzigeuza kope zikaota kuelekea ndani na kuikwaruza mboni. Alikuja akiwa amefunga kitambaa usoni, akiongozwa kwa fimbo. Muuguzi alimlaza benchi, akamshika kichwa kati ya magoti yake, akazing'oa kope moja moja kwa kibano kidogo, akimwimbia na kumtukana kwa zamu. Kope huota tena, hivyo mwanamke yule alirudi kila baada ya majuma machache. Nilimuuliza Muuguzi kwa nini anapoteza mchana mzima kwa tiba ambayo lazima irudiwe. Alikielekeza kibano chake kwenye jicho lile jekundu.

"Hilo ndilo shamba lake," akasema. "Nimeling'olea magugu. Yakiota, tutang'oa tena."

Juma lililofuata madereva wa malori yaendayo Lokichoggio walikuwa wakinunua vikapu vyake vyenye vifuniko, vilivyosukwa kwa miaa iliyotiwa rangi. Niliiandika biashara hiyo chini ya kichwa "Mengineyo".

Alikuwa na misemo yake ambayo aliirudia bila kujali kama imeeleweka. Wa kawaida kuliko yote ulikuwa, "Mimi nashindana na lori." Aliniambia hivyo asubuhi nyingi, akiosha mikono katika beseni huku akisikiliza upande wa barabara. Mngurumo wa kwanza uliposikika alikuwa akiuliza, "Wamebaki wangapi wenye mbuzi?" na kama hakubaki hata mmoja, alikaa chini, akatoa tumbaku yake, akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Nilidhani ni mzaha wa mwanamke anayependa kazi iishe mapema.

Jumanne ya sita yule baba kijana alirudi. Mtoto alikuwa amepona. Alitembea mwenyewe, ameshika mkia wa mwanambuzi mweupe aliyeongozwa kwa kamba. Baba alimkabidhi Muuguzi kamba ile mbele ya watu wote. Muuguzi aliipokea, akamshukuru, akamfunga mwanambuzi kwenye nguzo ya zahanati. Mimi nilikuwa na miadi na mnunuzi mmoja, nikaondoka. Sikurudi mchana. Usiku huo niliongeza tanbihi katika rasimu yangu: "Zawadi za mifugo zimeshuhudiwa."

Ripoti niliipeleka Lodwar mwenyewe. Ofisa aliyeipokea alikuwa mtu wa kusini kama mimi, mchapakazi, asiyependa maneno mengi. Aliisoma akiwa amesimama chini ya pangaboi, akafika ukurasa wa zahanati, akasoma kwa sauti: "Siku za soko, wagonjwa wenye mbuzi huhudumiwa kwanza." Akashuka hadi kwenye tanbihi.

"Hii ni rushwa," akasema.

"Sikuandika rushwa."

"Hukuhitaji kuliandika neno lenyewe. Au una maelezo mengine?"

Hapa ndipo ninaporudi kila ninapokosa usingizi. Niliulizwa. Sikuwa na maelezo mengine, lakini pia sikuwa na hayo aliyoyasema yeye, na mtu mwaminifu angesema kwamba hajui. Nilisema, "Takwimu zinajieleza." Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na nilijivunia sentensi hiyo ngazi zote hadi nje.

Ofisi ile ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya dawa za zahanati, kwa hiyo neno lake lilisikilizwa. Kabla ya mwezi kuisha Muuguzi alikuwa ameondolewa. Akaletwa muuguzi msichana, mpole na mwoga, pamoja na utaratibu mpya: mlango kufunguliwa saa mbili kamili, kila mgonjwa kupewa kibao chenye namba kulingana na alivyofika, na mtu yeyote asiulizwe habari za mali yake. Nilipousoma utaratibu ule niliona kwamba ni wa haki, na hata leo, nikiusoma kwenye karatasi tu, siwezi kuonyesha ulipokosea.

Nilirudi sokoni miezi mitano baadaye kuthibitisha bei zangu. Malori yalikuwa yakifika saa mbili na kuondoka kabla ya adhuhuri, na mlango wa zahanati ulikuwa ukifunguliwa saa hiyohiyo. Asiyeuza siku hiyo alingoja juma zima bila unga nyumbani. Hivyo familia ziligawanyika: mmoja sokoni na mifugo, mwingine foleni na mgonjwa. Niliwakuta pale wale niliowajua. Baba kijana alikuwa amesimama na mbuzi watatu, wawili kati yao wakinyonyesha. Nyanya alikuwa ameketi ukutani mwa zahanati, mtoto mapajani, kibao cha namba kimefungwa kwa uzi kidoleni. Mtoto hakulia.

Mnunuzi mmoja alimwendea baba yule mapema, akatazama upande wa zahanati, akataja bei. Baba naye akatazama upande huo. Hakubishana. Aliziachia kamba zote tatu mara moja, na mimi nikaiandika bei, nikaona kwamba ni ya chini kuliko zote zilizokuwa katika daftari langu, nikaweka alama ya kuuliza pembeni. Kisha akakimbia kuelekea zahanati akiwa amezikunja noti mkononi. Nyanya alikuwa tayari amemfunika mtoto uso. Namba yake ilikuwa haijaitwa.

Yule muuguzi msichana alitoka akasimama mlangoni, akawa anasema, "Mbona hamkuniambia? Mbona hamkuniambia?" ingawa utaratibu haukuwa na mahali pa kumwambia.

Msusi wa vikapu alikuwa palepale, kitambaa usoni tena. Msichana alikuwa hajaoneshwa kazi ya kibano. Msusi alinitambua kwa sauti, akaniuliza kama Sista hajambo. Nami, sijui kwa nini, nikamuuliza habari za mwanambuzi mweupe.

"Ile? Iko kwangu," akasema. "Siku ile ile Sista nanipa. Yeye nasema watu wakikupa kitu, usikatae, ni matusi. Lakini hiyo ni ya wewe, ukunywe maziwa, macho ipone. Sasa imezaa."

Niliyatafakari maneno hayo njia nzima hadi Kakuma, na bado sikuwa nimelielewa lililo kubwa. Aliyenielewesha ni Msudani mmoja, Mkristo mwenye msalaba mdogo wa mfupa shingoni, aliyenunua mbuzi kwa ajili ya wachinjaji wa kambini. Tulikuwa tumeketi katika kibanda cha chai, naye alikuwa mchangamfu, mwenye kupenda hadithi. Nilimtajia Muuguzi ili tu tupate la kuzungumza.

"Ile mama ya dawa!" akasema, akapiga makofi. "Ile ilikuwa adui yetu."

"Adui kwa nini?"

"Si wewe ulikaa pale na kitabu? Hukuona? Sikiliza, ndugu yangu. Sisi tukishuka kwa lori, tunatafuta nani? Tunatafuta baba yenye mtoto mgonjwa. Mtoto nalia, baba nauza haraka. Unampa bei ndogo, yeye nachukua, nakimbia kwa mtoto. Sasa ile mama, tukifika tunakuta watoto wote wamekunywa dawa, wamelala. Baba nakaa kwa kiti yake kidogo, naniangalia hivi." Akaegemea nyuma, akafumba jicho moja nusu, akawa mchungaji wa Kiturkana asiye na haraka. "Namwambia bei. Yeye nasema, toka. Nasema, mimi narudi na mbuzi yangu nyumbani. Sasa mimi nitafanya nini? Naongeza. Yule nyingine nasikia, naye nakataa. Bei imepanda, kalas, basi."

"Na sasa?"

"Sasa bei nzuri." Alikunywa chai yake. Alipoweka kikombe chini, uchangamfu ulikuwa umempungua. "Nzuri kwa sisi. Mimi mtoto yangu akiugua, hospitali ya kambi iko, bure. Ndiyo maana mimi sina haraka. Yule mtu wa mbuzi hana hiyo. Yeye alikuwa na ile mama tu."

Nilikuwa nimetumia mwaka mzima kutafuta sababu ya bei, na sababu ilikuwa uwezo wa mtu kukataa. Mtu hawezi kukataa akiwa na moto mgongoni. Muuguzi aliuzima moto huo kabla mnunuzi hajashuka kwenye lori. Wenye mbuzi walitangulizwa kwa sababu wao ndio waliokuwa na muda wa saa tatu tu, tangu alfajiri hadi lori. Wasio na mbuzi walikuwa na siku nzima, naye aliwapa siku nzima. Wale waliorudi nyumbani na mbuzi wao wa maziwa walikuwa na maziwa. Waliouza vizuri walinunua unga na mbegu za mtama wa kupanda kingoni mwa mto mvua zikinyesha. Soko zima lilisimama juu ya swali moja lililoulizwa gizani. Nililiandika hilo katika sura ya nne ya tasnifu yangu, nikaiandikia ofisi ile barua mbili ambazo hazikujibiwa. Sura ya nne ilisifiwa sana.

Nilimwona tena mara moja tu, miaka minne baada ya kuondolewa kwake. Alikuwa amemalizia utumishi wake Lodwar, katika stoo ya hospitali, akishona mashuka na kukunja bendeji, mbali na wagonjwa, mpaka alipostaafu. Nilielekezwa mtaa wake, upande wa mto Turkwel. Msichana aliyekuwa akiteka maji bombani alinisikiliza nikimweleza nimtafutaye.

"Mama Mbuzi?" akasema. "Nyumba ile, mlango wa buluu."

Nilidhani anafuga. Uani hapakuwa na mbuzi, wala samadi, wala kamba. Palikuwa na wanawake watano wameketi katika kivuli cha ukuta, wakisuka mikeka, naye katikati yao, amepungua mwili, jino lile halipo.

"Ejoka?" nikamsalimu.

"Ejok nooi," akajibu kabla ya kuinua macho. Kisha akanitazama kwa muda. "Wewe wa bei. Umenenepa. Umeoa?"

"Bado, Sista."

"Basi ni mshahara."

Wanawake wakacheka, lakini waliangaliana nilipomwita Sista. Nilimwomba tuzungumze kando. Tuliingia jikoni, akakaa juu ya debe, nami nikasema yote niliyokuwa nimeyapanga tangu Nairobi. Hakunikatiza.

"Najua," akasema nilipomaliza. "Walinisomea. Wagonjwa wenye mbuzi huhudumiwa kwanza. Wakaniuliza, ni kweli? Nikasema ni kweli."

"Ungewaeleza sababu."

"Niliwaeleza. Wakaniambia wana ripoti ya msomi." Alipangusa vumbi lisilokuwepo kwenye goti lake. "Majuma saba ulikaa kwenye benchi langu. Ulipima njia, ukapima visima, ukapima mpaka kivuli cha lori. Na mdomo ulikuwa nao. Mbona hukuniuliza?"

Nilikuwa na majibu mengi: kwamba mtafiti hapaswi kuwaongoza anaowachunguza, kwamba niliogopa kumkosea heshima. Yote yalikuwa ya kweli kwa namna ileile sentensi yangu ilivyokuwa ya kweli.

"Nilidhani nimeelewa," nikasema.

Nikamtolea tasnifu, imejalidiwa, nikaifungua sura ya nne. Aliupitisha mkono wake juu ya ukurasa kama apimaye joto.

"Inasema nini?"

"Inasema ni wewe uliyekuwa ukipandisha bei."

"Kwa Kiingereza."

"Ndiyo."

"Na kule siku hizi wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

Akaifunga, akanirudishia. "Yule mtoto," akasema, "wa baba wa mbuzi watatu. Nilimpokea mimi akizaliwa. Alitanguliza miguu. Nilihangaika naye tangu jioni hadi asubuhi."

"Nisamehe, Sista."

"Nikikusamehe, watafungua alfajiri?"

Aliinuka, akanishika kifundo cha mkono, si kwa ukali wala kwa upole, kama anavyoshikwa mgonjwa anayepelekwa mahali asipotaka. Akanitoa hadi kwenye kivuli cha ukuta.

"Huyu ni msomi," akawaambia. "Ametoka Kenya. Amekuja kuwaambia kwa nini ninaitwa ninavyoitwa."

Mikono ilisimama juu ya mikeka. "Aa, hiyo ni mchezo tu," alisema mwanamke mzee kuliko wote, akicheka bila furaha. "Watu waliongea. Sisi tulikuta jina iko."

"Sawa, ni mchezo. Msikilizeni."

Nilikuwa nimeitetea tasnifu ile mbele ya maprofesa watatu bila sauti kutetemeka. Pale nilishindwa kupata sentensi ya kwanza. Kila niliyoijaribu ilianza kwa kueleza mazingira. Hatimaye nilisema kwamba mwanamke huyu hakuwahi kula mbuzi wa mtu. Kwamba mimi niliandika jambo nisilolijua, nikaulizwa, nikaliacha lisimame. Na kwamba kwa sababu hiyo yeye aliondolewa na mtoto akafa akiwa na namba kidoleni. Nilisema na mengine, kuhusu lori na alfajiri. Yalichukua muda mfupi kuliko nilivyotegemea. Muuguzi alikuwa amesharudi kuketi mahali pake, akichagua miaa, kana kwamba habari ni za mtu mwingine.

Hakuna aliyenilaumu. Walimtazama yeye.

"Miaka minne tunakuita Mama Mbuzi," yule mzee akasema polepole. "Na unaitika. Kwa nini unaitika?"

Muuguzi alilowesha jani la mkoma kwa maji, akalikunja, akalipitisha.

"Ningenyamaza vipi?" akasema. "Mara nyingi mlikuwa mnaniita nije kula."